Maji Moto wa Mnazi wa Kitovu

Bweni, Pangani
12 Februari 2024

Mwanangu Idarusi,

Salamu nyingi. Hapa hatujambo, ila mgongo wangu na umri wake. Wewe u mzima? Nijibu kweli, maana neno hili sikutaka kuliuliza kwenye simu.

Mnazi wako, ule marehemu baba yako alioupanda juu ya kitovu chako, unapukutisha vidaka. Vinaanguka vingali vidogo, kabla ya kuwa madafu, vina vidonda vinavyotoa utomvu. Sele mkwezi anasema tuukate. Huku wanasema mnazi wa kitovu ukidhoofu, na mwenyewe hali yake si nzuri. Naogopa, mwanangu. Unanificha maradhi?

Mama yako

Dodoma
26 Februari 2024

Shikamoo mama,

Mimi mzima, nakula mpaka shati halifungi. Mgonjwa ni mnazi, na aliyeuumiza ni mimi.

Idd iliyopita nilikuta mikono yako imevimba kwa kung'atwa na maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Ulipokwenda mazikoni Ushongo nikapiga dawa minazi yote, nikamwapisha Sele anyamaze. Jana nimempigia bwana shamba wa huko. Kumbe maji moto ndio wanaokifukuza kidudu kinachofyonza vidaka. Nimekuulia walinzi, mama. Nisamehe. Usiukate.

Mwanao Idarusi

Bweni
9 Machi 2024

Marahaba mwanangu,

U mzima! Nimelia kwa furaha, mambo ya mnazi baadaye.

Harufu ya dawa niliisikia siku ile ile kwenye kanga niliyoianika. Na tangu lini Sele akaficha neno? Nilinyamaza kwa kuwa uliionea huruma mikono yangu. Sikujua tu kwamba dawa ile ndiyo iliyoleta haya.

Tumekata viota vya maji moto kwenye mkorosho wa Bi Tausi, tukavileta kwa gunia, tukafunga kamba mnazi hadi mnazi ili maji moto wapate njia ya kupita. Sele ameng'atwa mpaka kavua shati. Nimecheka hadi nikakaa chini.

Mama yako

Bweni
3 Novemba 2024

Idarusi wangu,

Hujambo? Idd zote mbili hukuja, na najua ni kwa kuona haya tu.

Leo nimeokota makuti chini ya mnazi wako, nikang'atwa mikono yote miwili. Nikainua macho: madafu! Nimesimama pale najikuna na kumshukuru Mungu.

Sele ametaka kuangua, nimemkataza. Dafu la kwanza ni lako, nataka kukuona ukilinywa. Njoo, baba. Bomba la dawa liache huko huko.

Mama yako