Jina la Papa Kwenye Mududu wa Kole

Papa mupendwa,

Jambo sana kutoka huku kwenye baridi. Mugongo unaendelea namna gani tangu uache kuvunja mawe kule Muganza? Na Maman, malaria ilimwachilia? Mimi mwili uko muzima, lakini roho inanichafuka.

Papa, ile habari niliyokupatia kwa simu, kwamba kundi zima la badudu litapewa jina lako, uisahau. Najua ulishaitangazia bantu ba Mibirizi nyuma ya misa. Unisamehe.

Kazi yangu hapa labo, nyumba ya utafiti, unajua, ni kusafisha kwa sindano mawe yenye alama za badudu balioisha duniani zamani sana, mbele bantu hawajakuwako. Mududu mwenyewe hayuko tena, imebaki alama tu. Tunamupanga kwenye kundi lake kwa kuangalia mishipa ya mabawa. Shefu wangu alinunua jiwe moja, akasema mududu huyu hafanani na kundi lolote, ni familia mupya. Ataipa jina la baba yangu, sababu nilimusaidia sana. Nililia kwa furaha.

Kisha, nikilisafisha, nikaona mustari unaong'aa kati ya bawa na kifua. Nikaugusa na sindano. Laini. Ni kole, Papa, gundi ya kubandikia! Muntu aliunganisha mawe mawili: kifua cha mududu mwingine, bawa la ndugu ya mende.

Nikamwonyesha shefu. Hakushtuka.

«Niliiona zamani,» akasema.

«Na uliandika ni mududu mumoja?»

«Amekufa zamani, nani atakuja kulalamika? Baba yako hatafurahi?»

Alikuwa anakula chokoleti, anacheka, meno yote meusi. Kumbe alichagua jina lako ili linifunge kinywa!

Siku shefu alipoonyesha jiwe kwenye mukutano wa labo, mbele ya benzetu bote, nililidondoshea dawa ya kuyeyusha kole. Bawa likatoka lenyewe. Shefu akatoka bila kuaga, na maandishi yake yamekataliwa. Lakini mukataba wangu bakubwa ba labo habakuuongeza, na hata mumoja wa benzetu hakunitetea. Bananisalimia wakiangalia viatu. Nimebachoka. Mwezi ujao narudi.

Unisalimie Maman, shangazi anayeuza samaki badogo ba sambaza kule Nkanka, na kaka mukubwa wa lori ya simenti.

Bakikuuliza kanisani, waambie binti yako alilikataa jina hilo.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Espérance