Wasomaji Kumi na Tisa wa Kiwangwa

Bagamoyo,
9 Machi 2025

Kwa Dada yangu Sada,

Shikamoo. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Niarifu hali ya goti lako, na kama dawa ya kuchua niliyokuletea umeitumia au imebaki dirishani kama ile ya kwanza. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Wifi yako Rukaya anakuamkia, na anasema mananasi ya mwisho yalikuwa matamu, ila usitume mengi kiasi kile. Nyumba hii imebaki na midomo miwili tu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu yako ni ya kitochi, na haya si mambo ya kuzungumzwa huku salio linaisha.

Unajua kwamba tangu nistaafu ualimu ninatoa jarida la kusomwa kwenye simu, kila baada ya miezi mitatu, juu ya historia na kilimo cha pwani yetu. Hapa mjini kila mtu hulisifu. Kulilipia ndiko kunakowapa kigugumizi. Huniuliza, kwa sauti ya watu waliogundua wizi, bei ni ya nini wakati hakuna karatasi wala wino. Nimejibu mpaka nimechoka kujisikia: waandishi wanne hulipwa elfu arobaini kila mmoja, Naila, binti anayepanga kurasa, laki mbili na nusu, na hapo amenionea huruma, msahihishaji laki moja na ishirini, picha elfu sitini, tovuti elfu arobaini na tano. Jumla ni shilingi 635,000 kwa toleo moja, kabla mimi sijanywa hata kikombe cha kahawa. Karatasi ingekuwa nyongeza juu ya hayo.

Mwinyijuma, fundi cherehani ninayekaa naye baraza moja mwaka wa ishirini huu, alinunua nakala ya toleo la pili kwa elfu mbili, akairusha kwenye kundi la simu la msikiti lenye watu mia mbili na arobaini, kisha akaja kunipongeza kwamba limependwa mno. Nilipomweleza alichonifanyia alishangaa kweli, akaniuliza kama nilitaka afunge mlango ale peke yake. Mwingine aliomba alipe nusu kwa kuwa kurasa za kilimo hazisomi. Nilipokataa, alitangaza mbele ya watu kwamba Mwalimu ameweka fimbo chini, sasa anachapa kwa bei. Baraza zima lilicheka, na wengi wa waliocheka walikuwa wamelisoma toleo lile bure.

Katika adha hiyo nilibaki na fahari moja, nayo ni Kiwangwa. Ridhiwani, wakala wa fedha za simu hapo sokoni kwenu, alikuwa akinitumia ada za wasomaji kumi na tisa kwa mkupuo, siku ya kwanza ya kila toleo, bila kuomba punguzo. Nami nilimtumia jarida yeye ili awafikishie. Niliwasifu watu hao hadi Mwinyijuma akawa hataki kuwasikia. Nilisema mkulima wa mananasi anajua gharama ya kitu kuliko mtu wa mjini. Na wewe, Dada, mwanzoni mwa mwaka jana nilikuandikia kwa ukali kwamba jirani zako kumi na tisa wanalipa, ila dada yangu wa tumbo moja hayumo. Ulituma mananasi.

Baada ya toleo la tatu nilikusudia kupandisha bei kutoka elfu mbili hadi elfu tatu. Kwa kuwa sipendi kukisia, nilimtaka Ridhiwani anipe majina ya wasomaji hao niwaulize maoni. Alisitasita. Nilipomshikilia, aliniambia kwamba hao ninaowataka ni wagumu kupatikana, kwani wanne kati yao alishiriki yeye mwenyewe kuwashusha kaburini. Kisha alinisomea orodha. Jina la kwanza lilikuwa Mize binti Mwishehe, mama yetu. La pili Baba. Wakafuata bibi zetu, shangazi, mumeo Muhidini, na wale watoto wako wawili ambao hawakufika siku ya arobaini. Alisema ulimweleza kwamba elimu inayosomewa watu ni sadaka, na kila marehemu umemlipia fungu lake ili thawabu zimfikie. Jarida hulisoma yeye kwa sauti dukani, nawe huja kusikiliza pamoja na wanaongoja kutoa fedha.

Sikuwahi kuandika popote kwamba msomaji sharti awe hai.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Hayo niliyajua miezi kumi iliyopita. Pensheni yangu ilikuwa haitoshi tena kulipia jarida, na fedha zako ndizo zilizokuwa zikiziba pengo la mwisho. Nikanyamaza. Nikamwomba Ridhiwani asikuambie kwamba najua, kisha nikapandisha bei. Ukalipa elfu hamsini na saba badala ya thelathini na nane, mara tatu, bila kuuliza. Nanasi barabarani kwenu ni shilingi mia tano. Kila toleo, basi, lilikuwa mananasi mia moja na kumi na manne, uliyoyabeba kwa goti hilo hilo. Na miezi yote hiyo mimi nilikuwa barazani nikimwita Mwinyijuma mwizi wa jasho la watu.

Pamoja na barua hii Ridhiwani atakukabidhi shilingi 171,000, ada za matoleo hayo matatu. Zilikuwa za Naila kwa toleo la saba. Nimemwambia kwamba mwezi ujao halitatoka, na sijui litatoka lini. Usizirudishe kwa majina mapya. Nitadai vyeti vya kuzaliwa.

Likitoka, Ridhiwani atalipata bure, aendelee kulisoma dukani. Majina yale nimeyafuta daftarini, isipokuwa la Mama. Ada yake nitalipa mimi, elfu tatu kamili, bila punguzo.

Nisalimie binti yako Dija na wanawe, na wote wanaoniulizia. Niombee dua, Dada, na ukiweza, nisamehe.

Wasalaam,
Mdogo wako,
Shuaibu