Mtoto wa udongo wa wifi yangu

Alhamisi. Ukungu umeikalia Chome tangu asubuhi, nguo hazikauki, nami sina raha. Mjukuu wangu anataka anirekebishie maneno ninayowaandikia humu kwenye kundi la simu. Nimemkataza. Madarasa yangu manne yanatosha kusema ubaya wangu mwenyewe.

Juzi alinionyesha picha ya makumbusho ya Japani. Ndani ya kabati la kioo kuna mtoto wa udongo aliyepakwa rangi: uso mweupe, koti jekundu, kakumbatia samaki.

Yule namjua.

Nakijwa, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa na wa namna ileile. Ilikuwa ile miaka ya kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Wifi alimpikia Mjapani wa mradi wa mpunga kule bondeni, na Mjapani alipoondoka akamwachia yule mtoto. Wifi alikuwa amerudishwa kwao kwa kukosa mtoto. Yule wa udongo akamweka kando ya kitanda, akamfunika kanga.

Alinionyesha. Akaniambia ni mwanasesere tu, Wajapani huwapa watoto wao wakue na afya.

Nilielewa vizuri. Msinitafutie sababu.

Ila wifi alikuwa akileta sukari kutoka kwa Mjapani, na mama mkwe akawa anamsifia mbele yangu, mimi niliyemzalia wajukuu watano. Nikaenda kwa wazee wa kanisa, nikasema wifi anaabudu sanamu apate mtoto. Wakaja, wakaiponda kwa jiwe uani. Wifi akazuiwa Meza ya Bwana mwaka mzima. Alikaa benchi la nyuma, peke yake, nami nikimpita kwenda kupokea.

Leo nimepanda kwake na fimbo yangu. Nikamweleza yote, kavukavu. Akaendelea kuchambua maharage.

“Najua, wifi. Nilikuonyesha wewe tu.”

Miaka yote hii amenipokea. Amenipikia uji nikiugua. Tumemzika mume wangu pamoja. Anajua!

Nikamwomba msamaha. Hakuinua macho.

“Hukuja kunisema kwangu. Ulinisema kwa wazee. Karudie hukohuko.”

Nikateremka na fimbo yangu, mimi ninayewakaripia ninyi wote humu.

Nimemwandikia mzee wa kanisa anipe nafasi Jumapili, baada ya matangazo. Ameuliza kama ni shukrani au maombi.

Nimemjibu: ni uongo wangu. Anitengee muda.