Jaketi Yako ya Ngozi Iko Kashebere

Kirolirwe, tarehe 20 mwezi wa sita

Mupendwa mudogo wangu Astrid,

Salamu nyingi kutoka huku mulimani, kwenye baridi na ukungu unaoujua. Uko aje, mama? Shemeji Honoré iko aje? Watoto wanaamuka vizuri? Tunasikia kule Lubumbashi baridi ya mwezi wa sita inauma sana. Uwafunike, kifua ya mutoto haina muchezo.

Sisi huku tuko wazima. Mama yetu Elisabeth bado anaenda kanisani kwa miguu yake, na akirudi anatusumbua wote kuliko mbele. Magoti inamuuma wakati wa mvua tu. Gentille wangu anamaliza mwaka wa tano wa secondaire na amenipita urefu, sasa akinisalimia anainama kidogo kwa kunichokoza. Ng'ombe zinatoa maziwa. Maharagi ya musimu huu imetoka vizuri, Mungu asifiwe.

Na mimi pia niko muzima. Nasema hivyo mapema na kwa nguvu, maana huku kuna watu wengi ambao hawaamini.

Najua neno unangojea. Tangu Noeli unaniuliza kwa simu: «Yaya Théo, kaka yangu, foto yako na jaketi iko wapi?» Na mimi kila mara najibu réseau iko mubaya. Umefikiri nimeiuzisha, si vile? Hapana dada, sikuuza. Sista wa paroisse yetu anakuja kwenu kwa ndege wiki hii, njo maana naandika kwa karatasi. Kwa simu ungeanza kucheka mbele ya mimi kufika katikati, na mimi nataka ucheke mwishoni.

Ile jaketi ya ngozi uliyonitumia ilifika vizuri na ilinikaa, Astrid, ilinikaa kabisa! Mabega ilishika, tireti, ile zipu ya mbele, ilipanda mupaka kwa shingo bila kugoma. Siku ya Noeli nilipoingia kanisani, Jean-Luc wetu katekista alisahau mustari aliokuwa anasoma. Mama alisema nafanana na Baba siku alienda kumuomba kwao. Nilitembea polepole ili watu wa nyuma pia waone.

Na unajua ni nani nilitaka aione zaidi. Chantal nilikuambia juu yake mwaka jana: ule mujane wa Kashebere, anayeleta mawese kwenye soko yetu na kurudi na fromaji, jibini yangu. Tangu mama wa Gentille atutoke, sikuwa nimeangalia mwanamuke kwa macho ile. Na yeye tangu mume wake Noël afariki alikataa kila mwanaume aliyepiga hodi. Lakini sisi wawili tulikuwa tumesikilizana. Tukiisha kuvuna maharagi, Mama na wazee wa kwetu wangeshuka Kashebere kumuomba kwa ndugu zake, nimuoe. Mimi ningevaa jaketi yako. Hiyo njo ilikuwa mupango.

Basi mwezi wa pili mvua ikanikamata njiani na ng'ombe, jaketi ikalowa chapachapa. Nikafanya vile tunafanyaka ngozi yote huku, vile Baba alitufundisha kwa kamba na kwa mukoba: nikaipakaa mafuta ya ng'ombe ndani na inje, kiisha nikaitundika kwa ile miti ya juu ya moto jikoni, pale Mama anakaushaka nyama. Ngozi ni ngozi, nilisema. Asubuhi ilikuwa inang'aa. Nikajipongeza.

Siku ya soko nikaivaa. Tireti ikapanda mupaka kwa kitovu, ikagoma. Nikavuta pumzi, nikavuta tireti, wapi! Na imbwa za soko zote zilikuwa nyuma yangu, juu nilikuwa nanukia nyama ya kukausha. Chantal aliniona vile, nimebana tumbo, na imbwa zinanifuata kama waamini wanafuata askofu. Alicheka mupaka akaweka bidoni ya mawese chini. «Papa Théogène,» akasema, «nani amekufunga hivyo?»

Mimi, dada yangu, ile kicheko iliingia kwa roho. Nilirudi nyumbani, nikaangalia tumbo yangu, nikaona njo yenye makosa. Mashanza, maziwa ya kuganda, kila asubuhi, fromaji, viazi za Noeli. Nilisema: Théogène, umenona ovyo, mwanamuke atakuacha. Na wewe mwenyewe, usikatae, siku ile kwa simu nilikuuliza mutu anapunguzaka tumbo namna gani, ukanijibu: «Fanya sport, yaya. Huku watu wazima wanakimbia kila asubuhi.»

Huku, Astrid, watu wazima hawakimbie bure, wanakimbia vita tu. Umesahau? Asubuhi ya kwanza nilitoka mbio kwa barabara na kulikuwa ukungu. Mama wa jirani akaniona napita, akauliza kwa sauti: «Wamefika wapi?» Sikuweza kujibu, pumzi ilikuwa imeisha. Niliporudi, nyumba tatu walikuwa wameshafunga magodoro, na muzee mumoja alikuwa tayari njiani na mbuzi yake. Chef wa kijiji aliniita. Alisema nikitaka kukimbia, nikimbie kwenye malisho, mahali ng'ombe tu zitaniona.

Basi nikakimbia kwenye malisho. Nikaacha mashanza, nikaacha fromaji ninayotengeneza kwa mikono yangu, viazi nikala moja tu. Mama alinitazama na sahani yangu akasema: «Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Tumbo ile ilikuwa inakusumbua nini?» Sikumusikiliza. Mutu anayependa hasikilize mama yake, hata akiwa na mvi.

Na nilipunguka kweli! Suruali ikaanza kushuka, nikatoboa mukanda tundu mpya, kiisha ingine. Lakini kila nikijaribu jaketi, tireti inagoma, na kila mara chini zaidi kuliko mbele. Mimi napunguka, nayo inakataa. Na huu musimu mvua ilinyesha bila huruma. Kila ikilowa, naipakaa mafuta, naitundika juu ya moto. Nilisema: ni nyama ya mbavu njo inabaki, ongeza mbio.

Sasa sikiliza mambo ya watu. Huku kwetu mutu akinona tunasema Mungu anamuona. Akikauka, tunaanza kunongona. Majirani wakaanza kuniletea mayai. Mumoja akaleta kuku, akaiweka kwa mulango, akaondoka bila kuniangalia machoni. Siku ya Mungu, Jumapili moja, niko nimekaa kwa benchi, nasikia Jean-Luc anasema mbele ya kanisa yote: «Tumuombee ndugu yetu Théogène katika ugonjwa wake.» Watu wote: «Ee Bwana, utusikie.» Na mimi nikaitika pamoja nao, maana kunyamaza ilikuwa haya.

Byamungu, ule mwenye pikipiki anayebebaka fromaji yangu, alikuwa kanisani. Kesho yake alishuka Kashebere, na habari ikashuka naye.

Siku kidogo zikapita, kaka mukubwa wa Chantal akatuma neno. Neno lilikuwa fupi: safari ya wazee wetu ingoje kwanza. Hakuna kusema mupaka lini wala juu ya nini.

Astrid, nitakuambia kwa ukweli, juu wewe ni damu yangu. Nilienda kwa ng'ombe nikalia. Niliona njo imeisha. Nilisema amechagua mwanaume mwenye mwili muzuri, wa hizo njia za Walikale wanaopanda milima kama swala. Na unajua nilifanya nini? Nilikimbia zaidi. Mama alinishika mukono kwa mulango akasema: «Mwanangu, nilizika baba yako, sitaki kukuzika wewe.» Nikamwambia aniache. Pole Mama, nimeshamuomba musamaha.

Kumbe wiki ile ile, katikati ya mchana, pikipiki ya Byamungu ikasimama kwetu, na Chantal akashuka. Hakutuma neno. Alikuwa na bidoni ya mawese, samaki ya kukausha, na maganda ya muti wa pori ambayo mujomba wake alimupa kwa mutu anayekauka. Alisalimia Mama kwa mikono mbili. Kiisha akanitazama kutoka kichwa mupaka miguu, akakaa bila kuambiwa karibu.

«Papa Théogène, unisemee ukweli. Umeenda kupima?»

«Kupima nini?»

«Usinifiche. Noël alianza vile vile. Mukanda kwanza, kiisha mashavu. Alinificha mupaka siku alishindwa kusimama. Mimi nilimubeba kwa mugongo mupaka barabarani, Théogène. Sina mugongo ingine ya kubeba mwanaume ingine.»

Alisema jina yangu bila Papa. Hapo njo nilielewa ilikuwa woga, haikuwa zarau. Na mimi mujinga, miezi yote ile nilikuwa namukaushia mbele ya macho mwili aliotaka.

Nikamwambia: «Chantal, sina ugonjwa. Ni tumbo. Nilitaka jaketi ifunge. Wewe mwenyewe ulinicheka sokoni.»

«Nilicheka imbwa!»

Mama kwa kona alikohoa. Chantal hakuamini bado. Akasema nilete hiyo jaketi. Nikaileta kutoka juu ya moto, nikaivaa mbele yao, nikavuta tireti, ikagoma kwa kitovu kama desturi yake. «Unaona?» nikasema. «Bado tumbo.»

Alisimama. Alishika mukono yangu, akaangalia pale mukono ya jaketi inaishia. Ilikuwa inaishia katikati ya kiganja na kiwiko, Astrid. Mimi sikuwa nimeiangalia hata siku moja, macho yangu yote ilikuwa kwa tumbo.

«Papa Théogène,» akasema polepole, kama mutu anaongea na mutoto, «mutu akinona, mikono yake inarefuka?»

Mama akaangalia jaketi, akaangalia miti ya juu ya moto, akaniangalia mimi. Akasema: «Yesu wangu. Ameipika.»

Tulicheka mupaka Gentille akakuja mbio kutoka kwa majirani. Chantal alicheka mupaka machozi ikatoka, na kiisha kicheko ikaisha na machozi ikaendelea. Alijifunika uso na kitambala. Mama alimushika kwa bega, akamuacha alie. Mimi nilisimama pale na mikono yangu mirefu, sikujua niiweke wapi.

Kiisha akafuta uso akasema: «Leta mashanza.» Gentille akaleta kikombe kubwa. Chantal akanisimamia nikanywa yote, akasema ingine, nikanywa ingine. Maganda ya mujomba wake alirudisha ndani ya mufuko. Alisema atamuambia mugonjwa alipona mbele hata ya kunywa dawa.

Alipotaka kurudi, ukungu ulikuwa unashuka na yeye alikuwa na kitenge tu. Nikavua jaketi, nikamupa. Mudogo wangu, ungeona! Mabega ilikaa. Mikono ikafika pale mikono inafikaka. Tireti ikapanda mupaka kwa shingo bila kugoma, kama siku ile ya Noeli. Akajigeuza mara moja mbele ya Mama, na Mama akapiga kigelegele. Byamungu alisema hajabeba mutu mwenye kuvaa vizuri hivyo tangu anunue pikipiki.

Akiwa ameshapanda nyuma, akaniambia: «Sitairudisha. Ukiitaka, ukuje kwetu na wazee wako uitafute.» Kaka yake ametuma neno mupya: wazee wetu wanangojewa mwezi wa nane. Imbwa za Kashebere, nasikia, zinamufuata kila siku ya soko.

Basi foto yako ndiyo hii, ndani ya bahasha. Usinitafute ndani ya jaketi. Ule mwenye kung'aa ni Chantal. Mimi ni ule wa pembeni, mwenye koti ya zamani ya Baba, shingo kama ya kuku. Usihuzunike juu ya zawadi yako. Hakuna zawadi iliyofanya kazi kuliko ile.

Sport sijaiacha yote, nakudanganya nini? Asubuhi napanda malisho, lakini natembea, na kikombe yangu inaningojea. Majirani wameacha kuleta mayai, hiyo tu njo nasikitikia.

Kila Siku ya Mungu jioni, kiisha misa, Chantal anapiga simu. Haulize ng'ombe, haulize fromaji. Anauliza neno moja: «Mukanda iko tundu gani?» Wiki iliyopita nikamwambia imerudi nyuma tundu moja, mwili unarudi. Nikasikia mukwaruzo tu, nikafikiri réseau inakata. Kumbe alikuwa analia, na kwa nyuma nikasikia tireti ya jaketi inapanda.

Umusalimie sana shemeji Honoré, na watoto wote mumoja mumoja, na Mama Anne jirani yako aliyekusaidia kutuma muzigo. Mama anakubariki na mikono yote mbili, Gentille anakukumbatia. Mungu aliyetulinda huku mulimani akulinde na huko kwenye muji, akupe usingizi muzuri na meza yenye chakula.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda leo munene kidogo kuliko jana,

Théogène