Nimemchukua Jirokichi

Baba Harue,

Supu ya miso ipo jikoni, ipashe. Soksi zako hazijafuliwa, maana mfuko wa wavu wa kufulia nimembebea Jirokichi, yule paka wako wa barazani. Ulipotoka kumwagilia figili, nikampeleka kwa daktari wa bei nafuu akahasiwe.

Asubuhi ulinisihi, “Mama Harue, mwonee huruma mwanamume mwenzangu.” Huyo mwenzako ana watoto kila uchochoro. Juzi watatu walikufa kwa baridi chini ya sakafu yetu. Uliwazika mwenyewe, ukasingizia vumbi machoni.

~~Usije kunifuata.~~ Njoo saa tisa na lile blanketi lako, amelizoea. Utamkuta amekatwa ncha ya sikio, alama kwamba keshahasiwa.

Njoo bila hofu. Nafasi niliyoomba kwa daktari ni ya mmoja tu.

Mkeo