Mmea wa Ukutani

Karatu, 12 Mei 1979

Kwako dada Bibiana,

Shemeji hajambo? Huku mvua zinanyesha vizuri na mahindi yamebeba. Ndani ya barua nimekuwekea mmea mdogo unaoota kwenye nyufa za ukuta wa bustani ninayopalilia. Ukiuvunja unatoa maziwa. Mwanangu alipoanza kuharisha niliuchemsha, nikidhani ndio ule mama aliotuchemshia tulipoharisha kule Singida. Jirani yangu, Mama Boazi, akaniambia, "Mimi siujui. Usimnyweshe mtoto."

Nikaogopa, nikaumwaga. Tukangoja gari la kwenda hospitali siku mbili, lakini barabara ilikuwa tope tupu. Natalia wangu tulimzika Alhamisi.

Dada, utazame vizuri mmea huo. Kama ndio wenyewe, tafadhali usinijibu.

Mdogo wako,
Paskalina