Mfupa Nilioutilia Saini

Baghdad, 4 Machi 2013

Kwa Mama Mdogo Fakhriya,

Salamu nyingi zikufikie hapo Samawa. Natumai sukari imetulia na goti limeanza kukubali ngazi. Mimi ni mzima wa mwili, ila naandika kwa haraka na mwandiko huu utakuchekesha, wewe uliyenichapa kwa ajili ya mwandiko.

Razzaq amepatikana.

Nimeuandika mstari huo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuuamini. Kaka yangu, aliyechukuliwa na askari miaka ishirini na miwili iliyopita, nikiwa bado nanyonya, ni mmoja wa wale sitini waliofukuliwa kwenye kaburi la pamoja jangwani. Hapa maabara anaitwa namba arobaini na moja. Mfupa wake ulikuwa umechakaa, alama za vinasaba zilizosomeka ni chache, na wazazi wangu wote wametangulia, kwa hiyo damu ya kulinganishia ilikuwa yangu. Hata hivyo, mkondo ambao mwanamume huurithi kwa baba ulilingana na wangu, na ule anaourithi kwa mama nao ukalingana. Nilimwambia Daktari Sundus, mkuu wangu, kwamba hao ni mashahidi wawili wasiojuana, na hakuna mahakama iwezayo kuwakataa.

“Nani mwingine wa ukoo wenu hajulikani alipo?” akauliza.

“Binamu yangu tu, Hatim. Alichukuliwa siku zile zile.”

“Binamu wa upande gani?”

“Binamu ni binamu, Daktari. Hawezi kulingana pande zote mbili.”

Akatia saini chini ya saini yangu.

Uliuliza kama uje kutoa damu kwa ajili ya mwanao Hatim. Usilitese goti. Dalili ya Hatim ikitokea, nitakuita mwenyewe. Kwa sasa tujiandae kumzika Razzaq kwa heshima.

Mwanao,
Muhannad

Samawa, 2 Aprili 2013

Mwanangu Muhannad,

Waaleikum salaam. Sukari inapanda na kushuka ipendavyo, goti ni lile lile. Umefika salama Baghdad? Unakula, au bado ni chai na vitabu?

Mazishi yalikwenda vizuri na kila mtu amekusifu. Lakini kuna jambo sikulisema mbele za watu, nisije nikakuaibisha.

Mlipokuwa msikitini, kabla ya safari ya makaburini Najaf, nilimwambia jirani yangu Umm Salwan anisaidie kufungua jeneza.

“Fakhriya, una wazimu? Mwache marehemu apumzike!”

“Atapumzika nikishamwona. Shika upande huo.”

“Wanaume wakirudi?”

“Wakirudi, utawaambia ni wazo lako.”

Tukaifungua sanda. Muhannad, mtulinga wa kushoto, huu mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa na kinundu, mfupa uliowahi kuvunjika ukajiunga wenyewe. Hatim alianguka kutoka kwenye mtende akiwa na miaka tisa. Nilimfunga mimi, kwa kitambaa nilichokichana kwenye abaya yangu, kwa kuwa hospitali ilikuwa imejaa majeruhi wa vita. Razzaq hakuvunjika hata kucha. Mama yako alikuwa akitutambia kwa hilo.

Nimekuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Nilikaa siku tatu nikipokea rambirambi za mpwa wangu, na moyoni sijui nampokelea nani. Niambie: una hakika?

Mama yako mdogo,
Fakhriya

Baghdad, 11 Aprili 2013

Kwa Mama Mdogo,

Baada ya salamu na kukutakia afya, naomba unisikilize kwa utulivu uliokuwa ukitudai darasani.

Mitende ya Samawa imewaangusha nusu ya wavulana wa mji ule. Kinundu kwenye mfupa ni ushahidi kwamba mtu alivunjika. Si ushahidi wa jina lake. Razzaq alikaa jeshini mwaka mzima, nani ajuaye kilichompata huko? Jicho la mama huona linachokitafuta, na ndiyo sababu hasa binadamu alitafuta kipimo kisichokuwa na jicho. Maabara haina mama wala shangazi. Nimesoma kila kilichoandikwa juu ya utambuzi wa namna hii kwa lugha ninazozijua, na sijaona mahali ambapo mikondo miwili ililingana, kisha mtulinga ukaitangua.

Nakuomba usilizungumze hili mbele ya wajomba. Ninakusihi kwa mapenzi, si kwa ukali.

Mwanao,
Muhannad

Baghdad, 9 Septemba 2013

Kwa Mama Mdogo Fakhriya,

Salaam aleikum. Sijui nikuulize vipi habari za afya, nami ndiye niliyeiharibu. Miezi mitano hukuandika, nami nilijigamba kwamba nimekushinda kwa hoja.

Kumbe mwezi wa Mei ulikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya waliopotea ya huko kutoa damu, na jina langu hukulitaja.

Leo asubuhi Daktari Sundus aliniita mbele ya wenzangu wote. Mashine ilikuwa imeilinganisha damu yako na mifupa yote tuliyonayo na hata ile tuliyokwisha kuikabidhi. Ikasimama kwenye namba arobaini na moja. Hakuniambia neno; alilipima upya jino tulilolihifadhi, na safari hii alama zote zikasomeka. Mama na mwana. Ndipo akaniita.

“Muhannad, baba yako na baba yake Hatim ni ndugu?”

“Ndiyo, Daktari.”

“Na mama zenu?”

Nilimsikia mwenzangu mmoja akiacha kuandika.

“Nao ni ndugu. Baba mmoja, mama mmoja.”

“Ndugu wawili wameoa ndugu wawili, na wewe hukusema?”

“Haikuwa kwenye fomu.”

“Nilikuuliza mimi! Kwa mdomo wangu!”

Mama Mdogo, arusi yenu ilikuwa moja; picha yake imetundikwa sebuleni kwenu tangu sijazaliwa. Mtaani kwetu kila nyumba ya tatu iko hivyo. Lilikuwa jambo la kawaida mno kwangu hata sikuliona kuwa ni jambo. Mkondo wa baba ni mmoja kwangu na kwa Hatim, na wa mama ni mmoja. Mashahidi wangu wasiojuana walikuwa mke na mume.

Nimemzika mwanao kwa jina la kaka yangu, nikakufanya uketi msibani pake kama mgeni. Nimesimamishwa kazi za utambuzi. Sijui Razzaq yuko wapi. Sikuwa nimewahi kuyaandika maneno hayo. Nilidhani ni maneno ya watu wengine, wale wanaosubiri kwenye mabenchi ya ofisi yetu.

Mwanao, kama bado waniita hivyo,
Muhannad

Samawa, 20 Septemba 2013

Mwanangu Muhannad,

Waaleikum salaam. Mimi sijambo. Barua ya ofisi ilitangulia yako kwa siku moja. Nilikuwa najua, na bado nilipoisoma nilijikuta nimekaa sakafuni, Umm Salwan akinilazimisha kula tende akidhani ni sukari.

Tumeweka matanga upya. Shehe aliuliza, “Siku tatu nyingine, Mwalimu? Kwa mifupa ile ile?” Nikamjibu kwamba Razzaq walimlilia vya kutosha; Hatim hawajamlilia hata saa moja. Walikuja wote. Jiwe limebadilishwa.

Sikukuandikia kwa sababu ungenijibu. Sasa nisikilize bila kujibu.

Nenda ofisini kwenu ukatoe damu upya, kama ndugu wa aliyepotea. Usivae koti lile jeupe. Chukua namba, keti kwenye benchi pamoja na wale wanawake. Ukiulizwa habari za ukoo, sema zote, hata ambazo hakuna aliyezitaka. Karani atakuambia urudi mwezi ujao. Usibishane naye, rudi. Kisha atakuambia hivyo tena.

Na ukiwa huku siku ya Alhamisi, ukakosa kaburi la kwenda kumsomea kaka yako, njoo nyumbani kwangu, tukae. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Nitakuonyesha inavyofanywa.

Mama yako mdogo kwa baba na kwa mama,
Fakhriya